Mwangusha Taa

Tak. Hata leo mtu akifunga kopo la dawa ya viatu karibu nami, nageuka kutazama. Sauti yenyewe ilikuwa ndogo na kavu, kama mtu amebana ulimi kwenye kaakaa kisha akauachilia, na nyuma yake ilikuja harufu ya utambi uliozimika ghafula. Nilikuwa naisikia kutwa nzima, kuanzia chai ya asubuhi hadi jua linapoegemea Mlima Elgon, na sikuichoka. Kila tak ilimaanisha kwamba koroboi imeanguka na nyumba haikuungua.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu. Niliajiriwa kuangusha taa.

Najua unacheka. Hata senge, yaani dada ya baba yangu, ambaye nilikuwa nakaa kwake Kibomet, alicheka mpaka akaweka chini ungo wa maharagwe. Ati serikali inamlipa mtu aangushe taa? Nyumbani kwetu Bungoma niliwahi kuchapwa kwa kuangusha moja tu, na huku naangusha napewa na chai juu. Majirani walipopata habari wakanibandika jina, Mwangusha Taa. Kila nikipita asubuhi, mama wa mandazi alikuwa ananiuliza kama jana nimebakisha hata moja imesimama. Namjibu kwamba nimebakisha ya kwake, nakuja jioni.

Nilikuwa nimefika Kitale miaka ile ya mwanzo ya elfu mbili, nikiwa na cheti cha darasa la nane na nusu ya kidato cha pili. Nilitaka kuwa mtu wa kuvumbua. Kuvumbua nini, hapo sikuwa nimefika bado, lakini nilishajiona nimesimama mbele ya watu na kitu kimefunikwa kitambaa, na mimi ndiye wa kukifunua. Kwa sasa nilichopata ni ufagio, kwenye karakana ya kituo kimoja cha utafiti cha serikali, nje kidogo ya mji, mashamba ya mahindi yakianzia pale pale dirishani.

Mhandisi wa karakana ile alikuwa kijana mrefu mwenye sauti ya chini, aliyezoea kuongea na vyuma kuliko watu. Siku moja alinikuta nimesimama na ufagio, natazama taa moja ya bati iliyokuwa mezani, akaniuliza kama ninaweza kuiangusha. Nikaisukuma. Akasema hapana, nisisukume kama mtu anayeogopa kuharibu kitu cha mwenyewe, nisukume kama mtoto anayepita mbio, au kama kiwiko cha mtu anayekula. Yeye mwenyewe alikuwa ameshindwa. Kila akijaribu, mkono wake ulikuwa unajua taa ni yake, basi ukawa unaiangusha kwa adabu.

Mimi nikaiangusha bila adabu. Nikaangusha kwa kiwiko, kwa pindo la leso, kwa kamba tuliyoiita mkia wa paka. Chini ya meza tuliweka sinia kubwa la mchanga na gunia lililoloweshwa maji, endapo kitu kitakataa kuzima. Na jinsi ilivyozima ilikuwa hivi. Kwenye tumbo la taa kulikuwa na kikombe kidogo cha bati, na ndani yake gololi ya chuma kama zile za ndani ya gurudumu la baiskeli. Gololi ikiwa imetulia kikombeni, waya unakishikilia kifuniko kikae wazi kando ya utambi. Taa ikianguka, gololi inatoka, waya unaachia, kifuniko kinalala juu ya moto. Tak. Moto umekufa na mafuta hayana pa kutokea. Basi, ni hivyo tu, na bado nikiona kinavyojifunga nilikuwa nahisi kama nimeona mnyama mdogo mwenye akili.

Niseme pia kwa nini niliipenda kazi ile kuliko jinsi ilivyostahili. Shule ya msingi nilikaa dawati moja na msichana aliyevaa sweta hata wakati wa kiangazi, kola imefungwa mpaka kidevuni. Siku moja tukiruka kamba kifungo kikakatika, na shingo yake yote ikaonekana ilivyojikunja. Hakuna aliyecheka. Alisema tu, "Ilikuwa koroboi," akashika kola kwa mkono mmoja akaendelea kuruka. Kwa hiyo nilipokuwa naangusha taa pale Kitale, mara nyingi nilikuwa namwona anaruka kamba, na shingo yake iko wazi kwa upepo.

Taa za kwanza tulizipeleka Bokoli, kwenye nyumba chache zilizokubali kuzitumia na kutuambia zinavyokwenda. Aliyetuongoza ni mama mmoja wa makamo pale kituoni ambaye sote tulimwita Madam. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha vitu vilivyovumbuliwa pale vinawafikia watu na havibaki kabatini. Tuliporudi baada ya majuma kadhaa, tulianzia kwa kukhu mmoja, bibi mwenye jiko safi kuliko la senge. Alitukaribisha, akatupa viti, akaileta taa yetu. Kifuniko kilikuwa kimezuiwa kwa kijiti cha kiberiti, kimekwama wazi kabisa. Taa yetu yenye akili ilikuwa imerudi kuwa koroboi ya kawaida.

Madam akamuuliza kwa upole imekuwaje.

"Hii taa yenu iko na hasira," kukhu akasema. "Ukiigusa kidogo tu inanuna. Sasa mboga nitaona aje?"

Akatoa kijiti, akaiwasha, akatuonyesha. Aliifanya kama kila mwanamke wa kwetu anavyofanya: mkono mmoja ukafunua sufuria, mwingine ukachukua taa na kuiinamisha juu yake ili mwanga uingie ndani uone kama mboga imeiva. Tak. Giza. Jiko zima likacheka, na kukhu mwenyewe ndiye aliyecheka zaidi, bado ameshika mfuniko gizani.

Tukaenda nyumba ya pili, kijiti. Ya tatu, kijiti. Mhandisi akawa anaandika huku masikio yamemwiva. Mimi nilicheka halafu nikanyamaza, kwa maana hata mama yangu, hata mimi mwenyewe, tumechungulia sufuria namna hiyo maisha yetu yote. Nilikuwa nimeangusha taa kwa kiwiko na kwa mkia wa paka, nikafurahia jinsi zinavyozima kwa kuinama kidogo tu, na haikunijia kwamba kuna kuinama kwa kupika. Kule karakana hatukuwa na sufuria.

Kesho yake mhandisi alikuja kazini na sufuria kutoka nyumbani kwake. Akanipa cheo cha pili. Asubuhi nikawa naangusha, mchana nachungulia. Alikiongeza kikombe cha gololi kina, kidogo kidogo, mpaka taa ikakubali kuinama juu ya mboga bila kununa, na bado ikianguka izime. Siku ilipokubali yote mawili alinunua mandazi ya karakana nzima, na mama wa mandazi akanipa moja la bure, ati kwa sababu leo sikuangusha biashara yake.

Ndipo Madam akasema sasa taa itoke.

Nilidhani kituo kingefungua duka. Nilishaliona na rangi yake. Lakini Madam akatueleza, tukiwa tumekaa kwenye nyasi na vikombe vyetu, kwamba kituo cha serikali hakiuzi taa. Kinavumbua kwa pesa za umma, halafu kinawapa leseni wenye viwanda, wao ndio watengeneze kwa wingi na kuuza, na sehemu ndogo ya mauzo inarudi kituoni kuvumbua kitu kingine. Mimi leseni niliyoijua ni ya kuendesha gari. Akaona uso wangu akatafuta njia nyingine.

"Ni kama kukodisha shamba," akasema. "Mwenye shamba hauzi. Anakuachia ulime, unavuna, unamtolea chake. Ukiliacha liote magugu, analichukua anampa mwingine."

Hapo nikaelewa, na nani asingeelewa? Trans Nzoia yote inalima mashamba ya kukodi. Na wa kwanza kukodi alikuwa amekwisha kuja: kampuni moja ya Kitale iliyokuwa ikitengeneza ndoo na masufuria. Mtu wao alikuwa bwana mnene mwenye koti zito na kicheko cha karibu karibu, aliyekuja karakana kututazama tukifanya kazi na kila mara akaniomba niangushe moja zaidi. Alitaka leseni, na alitaka iwe ya kampuni yake peke yake.

Jumamosi ile nilienda nyumbani Bungoma nimejaa habari kama gunia. Baba yangu alikuwa fundi wa bati sokoni. Alikuwa na meza yake, mkasi wa bati, nyundo, na jiko la makaa la kuyeyushia risasi ya kulehemu, na kutokana na mikebe mitupu ya mafuta ya kupikia alitengeneza faneli, karai za kuku na, zaidi ya yote, koroboi. Mimi ananiita mama, kwa sababu nina jina la mama yake. Nikakaa kwenye kiti cha wateja nikamweleza yote: gololi, sufuria ya mhandisi, kampuni, na jinsi jioni moja mtu atasimama juu ya Elgon aangalie chini, na kila kimwanga kidogo atakachokiona kuanzia Kitale mpaka Bungoma kitakuwa na kifuniko kinachosubiri.

Baba alisikiliza akigonga. Halafu akaacha kugonga.

"Hiyo ni kazi nzuri, mama," akasema. "Sasa hiyo taa ikija madukani, hizi zangu nitamuuzia nani?"

Nilitazama zile koroboi zake zilizopangwa mezani, kubwa kwa ndogo, shingo zote zimeelekea upande mmoja kama watoto wa shule. Nilikuwa nimeota vimwanga vyote vile na sikuwahi kujiuliza vimetoka meza ya nani. Nikamwambia si atatengeneza mpya, zilizo na kifuniko. Akaniuliza kama mtu anaweza kupanda mahindi kwenye shamba lililokodiwa na mwingine. Nikamsaidia kukata bati mpaka soko likafungwa, na hakunilaumu kwa neno lolote, jambo ambalo lilifanya chakula cha jioni kipite kwa shida.

Juma lililofuata nilimweleza Madam. Niliogopa atasema kazi ni kazi. Akasema, "Mwambie aje."

Baba akaja Kitale na koti lake la kanisani, amebeba koroboi yake moja ndani ya gunia safi. Mafundi wenzake wa Bungoma walikuwa wamemtuma awasemee. Tukakutana ofisini kwa Madam: yeye, mhandisi, bwana wa kampuni, baba, na mimi nikimimina chai. Baba alikuwa amejiandaa, nilijua kwa jinsi alivyokohoa. Akasema amefikiria njiani na ameona suluhu isiyo na ugomvi: shamba ligawanywe, mpaka uwekwe. Kampuni ichukue kifuniko, mafundi wachukue tumbo.

Bwana wa kampuni alikuwa anajitahidi sana na kikombe chake.

"Mzee," akasema hatimaye, "sasa mteja atanunua kifuniko Kitale, tumbo Bungoma, halafu aviunganishe wapi?"

Baba mwenyewe akacheka, nasi tukapata ruhusa. Madam akamweleza kwamba hapo ndipo shamba hili linapotofautiana na la mahindi. Watu wawili wanaweza kulilima lote, kila mmoja shamba zima, na hakuna atakayekanyaga mche wa mwenzake. Baba alilizungusha hilo kichwani kwa muda. Lakini bwana wa kampuni akaweka kikombe chini, na kicheko kikamtoka usoni. Alisema miche hawatakanyagiana, ila soko ni moja. Akinunua mashine ya kupigia bati, halafu kila meza ya soko inatengeneza taa ile ile, mashine ataiegesha wapi? Na mhandisi naye akasema lake: taa ikitengenezwa vibaya ikashindwa kuzima, ni mbaya kuliko koroboi ya zamani, kwa sababu mwenye nayo ameiamini. Nilipomtazama Madam niliona kwamba hilo ndilo lililomwingia.

Baba alitazama mikono yake.

"Mimi kila asubuhi nakatiwa risiti ya soko," akasema. "Mvua ikinyesha, nakatiwa. Nisipouza, nakatiwa. Hizo ndizo pesa za umma mnazosema. Hii taa hata mimi nimeitengeneza kidogo."

Hakupaza sauti. Mimi nilijifanya naangalia kama birika imebaki na chai.

Madam hakutoa jibu siku ile, lakini lilikuja, na lilikuwa la mtu aliyelala nalo. Leseni zitakuwa mbili. Kampuni peke yake itakuwa na haki ya kutengeneza taa kwa mashine na kuzisambaza madukani. Mafundi wa Bungoma, kama kikundi, wataruhusiwa kuzitengeneza kwa mkono na kuziuza kwenye meza zao na masoko ya karibu. Lakini kwanza walete taa zao karakana ziangushwe kama zilivyoangushwa zetu. Zikikataa kuzima, leseni ya pili haipo. Na zikikubali, kila taa itakayouzwa iangushwe kwanza na aliyeitengeneza, halafu ndipo itiwe doa la msumari kitakoni, alama ya kugonga tu isiyotoboa bati. Bwana wa kampuni akaguna, akafikiri, akasema sawa, ila aangalie mwenyewe zikiangushwa.

Siku yenyewe mhandisi aliuliza kama ni vizuri binti aangushe taa za babake. Bwana wa kampuni ndiye aliyejibu, ati huyu msichana amemwona, hana huruma na taa ya mtu. Baba alikuwa ameleta tatu, zimetengenezwa kwa mikebe ya mafuta, maandishi ya mkebe bado yanasomeka ubavuni. Nilizijua kila kiungo. Na nilijua pia jambo ambalo baba hakumwambia mtu, kwamba macho yake yalikuwa yameanza kumdanganya kwa vitu vya karibu, na ile bawaba ya kifuniko ilikuwa nyembamba kama uzi.

Akaniona nimesimama.

"Iangushe kama za wengine, mama," akasema. "Usiniletee heshima hapa."

Ya kwanza niliangusha kwa kiwiko. Tak. Ya pili kwa pindo la leso. Tak. Ya tatu nikaisukuma kwa mkia wa paka, ikalala ubavu mchangani, na sikusikia kitu. Moto ukalala nayo, ukatambaa kwenye mafuta, ukapanda juu wa manjano, mkubwa, na kwa kitambo kifupi hakuna aliyesogea. Kisha mhandisi akatupa gunia la maji.

Baba alikuja akaiokota bado ikiwa na joto. Akapitisha kidole gumba kwenye bawaba. Risasi ya kulehemu ilikuwa imetiririka tone moja ndani yake, ikaigandisha. Macho yake hayakuliona tone lile, lakini kidole kililipata mara moja. Madam alisema kwa upole kwamba wajaribu tena, watengeneze nyingine walete mvua zikianza.

Nilimsindikiza baba hadi mjini. Nilikuwa nimejiandaa kuomba radhi njia yote lakini yeye alitaka kujua kama huwa nakula mchana. Tulipofika mahali pa kuagana akanishika bega. "Umeangusha vizuri," akasema. Nililia baadaye kidogo nikirudi, halafu nikakutana na mama wa mandazi aliyeuliza nani ameniangusha leo, nikajikuta nacheka na kamasi.

Sasa, anayeijua Bungoma ya siku zile anajua ilikuwa mji wa baiskeli. Vijana wa boda boda walikuwa wamepaki kila kona, na kando ya meza ya baba alikaa fundi aliyezitengeneza, spoki zilizopinda zimemzunguka kama miba. Wiki moja hivi baada ya siku ile ya moto, baba alikuwa ameketi anasugua spoki moja katikati ya vidole bila kuwaza lolote, na vidole vikamwambia: hii ni nene, inashikika, na haihitaji risasi. Akakata kipande cha spoki, akakipitisha kwenye bawaba, akakikunja ncha zote mbili kwa koleo. Hakuna kulehemu pale, kwa hiyo hakuna tone la kutiririka. Na kazi yote inafanyika kwa kidole, hata macho yakiangalia pengine. Nilipokwenda nyumbani alinipa taa akaniambia nifumbe macho nikifungue na kukifunga kifuniko. Kilizunguka laini kama mlango wa mtu tajiri.

Mvua zilipoanza walirudi Kitale na taa gunia zima, kutoka meza mbalimbali za soko, zote zina bawaba za spoki. Niliangusha kwa kila njia niliyoijua na nyingine nilizovumbua palepale. Nikachungulia sufuria ya mhandisi mpaka shingo ikauma. Zote zilikubali kuinama na zote zilikubali kuzima. Mwishowe bwana wa kampuni akavua koti lake zito, akaomba aangushe moja mwenyewe, akaigonga kwa tumbo kana kwamba ni bahati mbaya. Tak. Akampa baba mkono.

"Mzee, basi tutakutana sokoni."

"Ukija, njoo na njaa," baba akasema. "Mgeni kwetu hasimami."

Na alikuja kweli. Taa za kampuni zilipotoka zilikuwa za kijani, nyororo, zimepangwa madukani Kitale na Bungoma, na nitasema ukweli, zilikuwa nzuri. Za baba zilikuwa na maandishi ya mafuta ya kupikia ubavuni, na akina mama wa Kabuchai waliokuja soko walizipenda kwa sababu mkebe ulikuwa mpana na haukuyumba, na kwa sababu fundi alikuwa pale pale wa kumrudishia ikiharibika. Bwana wa kampuni alikula ugali kwenye kibanda cha jirani, akanunua taa moja ya baba ampelekee mamake, akamwomba baba asimwambie mtu.

Mimi niliendelea kuangusha pale kituoni mpaka taa zikaacha kuhitaji mtu wa kuziangusha, kisha wakanipa vitu vingine vya kujaribu, na ndoto ya kitambaa nikaiweka kando nisiisahau. Lakini siku ninayoirudia mara nyingi ni Jumamosi moja ya kawaida, mchana, nimekuja nyumbani. Baba alikuwa ametoka kumsindikiza mteja na kutafuta soda ya kunikaribisha, akaniachia meza. Taa mpya zilikuwa zimepangwa, kubwa kwa ndogo, shingo zote upande mmoja. Nikawa nazigeuza moja moja kuangalia vitako. Doa, doa, doa. Ya mwisho kabisa, karibu na jiko la makaa, haikuwa na doa. Mteja alikuwa amemkatiza kabla hajaifikia.

Nilitazama njia aliyoiendea, sikumwona. Nikaitia taa mafuta kidogo, nikawasha kwa kaa la jikoni, nikasubiri mwali usimame vizuri. Nikaiinamisha kwanza juu ya mkebe mtupu, kama nachungulia mboga. Haikununa. Nikaiweka ukingoni mwa meza, juu ya mchanga aliouweka chini kwa kazi hiyo, nikaigeuzia mgongo na kuigonga kwa kiwiko.

Tak.

Nikachukua msumari na nyundo yake, nikaitia doa, nikaipanga na zingine.